Risasi Zilizofanana Mno

Kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha naitwa Kizibo. Jina langu la ubatizo ni Wendell Aasen, na liko hata kwenye sanduku letu la barua, lakini huku kaskazini mwa Minnesota ukishabandikwa jina uwanjani unazikwa nalo. Nililipata siku niliyotengeneza risasi nikasahau kutia baruti ndani. Fataki peke yake, kile kidude cha kuwashia baruti kitakoni mwa ganda, iliisukuma hadi katikati ya mtutu wa bastola, ikanasa humo kama kizibo, na shemeji yangu Merle akaigonga kwa fimbo ya shaba mpaka ikatoka, huku akicheka hadi miwani ikamdondoka. Merle Tveit ni kaka wa mke wangu. Hajaisahau siku ile, na kila akihisi kwamba mimi naanza kuisahau, hunikumbusha.

Wengine wakipata aibu kama hiyo huokoka, au huhamia Florida. Mimi nilinunua mizani.

Kazi yenyewe si ngumu, ndiyo maana mtu anaweza kuifanya vibaya miaka na miaka. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unaliwekea fataki mpya, unatia baruti, unashindilia kichwa cha risasi juu yake. Baruti hutiwa kwa kipimio, nacho ni kikopo kirefu kilichokaa juu ya ngoma ndogo ya chuma yenye shimo. Vuta mkono, shimo linajaa. Urudishe, baruti inamwagika kwenye ganda. Kila ukivuta inatakiwa imwagike kiasi kilekile, na haimwagiki. Inazidi kidogo, inapungua kidogo, tofauti ya chembe chache ambazo ukizipuliza hujui zimekwenda wapi. Mtu mwenye akili timamu hulijua hilo akaendelea na maisha yake. Mimi nilivuta mkono, nikapima, nikarudisha baruti kikoponi, nikavuta tena, majira yote ya joto, kwa sababu binti yangu alinipigia simu.

Annika anaishi Minneapolis. Utoto wake wote alipiga risasi za babu yake, Orville, baba wa mke wangu Lorna, na mzee yule alikuwa fundi hasa. Risasi zake zilikuwa laini mkononi. Bastola ilishtuka tu, haikuruka. Orville alipofariki, Annika akahamia risasi za dukani. Hakutoa maelezo, nami sikuyaomba, maana kila mtu aliyajua. Nani apige risasi za Kizibo? Kisha mwezi wa sita simu ikalia.

"Baba, kwenye mashindano ya Babu mwaka huu nakuja."

"Karibu. Mama yako atafurahi."

"Ila hizi za dukani zinapiga teke mno. Nitengenezee wewe."

Nilitembea na simu hadi gerejini kutazama mizani, mpaka akauliza kama imekatika.

"Nipo. Nitakutengenezea," nikasema.

"Usisahau baruti tu."

"Mjomba wako ndiye aliyekufundisha kusema hivyo?"

"Hapana. Hilo nililijua kabla ya alfabeti."

Mashindano ya Babu hufanyika kila mwisho wa Septemba, na zawadi yake ni kipimio cha Orville mwenyewe, cha chuma kizito, rangi ya kijani imebanduka pale vidole vyake vilipokuwa vikishika. Alikiachia klabu, hakuniachia mimi, na kwa kuwa tukio la kizibo alilishuhudia kwa macho yake, sikumlaumu. Mshindi hukaa nacho mwaka mzima. Merle ameshinda mfululizo, na kipimio kiko jikoni kwake akipimia kahawa. Anajaza kahawa ya unga kwenye kikopo, anavuta mkono mara kadhaa juu ya birika, anachemsha, anakaribisha wageni. Mimi nimeinywa. Lorna aliona mara moja tu, akavaa koti, akatoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga jikoni kwa kaka yake.

"Chombo cha baba yangu," aliniambia ndani ya gari, "anakitumia kupimia kahawa. Tena kahawa yenyewe maji matupu."

Kwa hiyo Lorna alitaka kipimio kirudi, Annika alitaka kukirudisha, na mimi nilitaka jambo moja: siku hiyo risasi zangu zisimwangushe mwanangu mbele ya watu.

Zipo njia mbili za kumwangusha. Ya kwanza mnaijua. Ya pili ni ya kisheria. Risasi ikiwa laini, bastola hairuki, na anayepiga hurudi kwenye shabaha haraka. Kwa hiyo kila mtu angependa kupunguza baruti mpaka ibaki harufu. Ili kuzuia hilo, siku ya mashindano huchukuliwa risasi chache kutoka mfuko wa kila mpigaji, zikapigwa juu ya mashine ya kupima mwendo. Uzito wa kichwa ukizidishwa kwa mwendo wake lazima ufike kiwango. Usipofika, hata kama hukukosa shabaha moja, alama zako zote zinafutwa na unaruhusiwa kula chakula cha mchana tu. Ufundi basi ni kukikaribia kiwango kwa juu bila kukivuka kwenda chini.

Mwezi wa saba nilitengeneza risasi za majaribio, nikaziweka juu ya dashibodi ya gari zisinidondoke, nikaendesha hadi uwanjani jua likiwaka, nikazipiga. Mashine ikaniambia zimepita kiwango kwa unywele mmoja. Nilifurahi kupita kiasi. Sasa, nikajiambia, kazi iliyobaki ni moja, kila risasi iwe sawa na hizi, zisitofautiane hata chembe. Nikajifungia gerejini.

Mizani yangu ni ya umeme na ina hisia kali kuliko mama mkwe. Nikipumua, namba zinabadilika. Feni ikizunguka, zinabadilika. Nilizima feni. Nilivaa barakoa iliyobaki tangu zama za ugonjwa ule. Nilimkataza Lorna kufungua mlango wa gereji bila kubisha, naye akaniuliza kama nimepata mwanamke humo. Namba zikatulia, lakini baruti haikutulia: ikaja sawa, sawa, sawa, kisha ghafla ikaanza kuzidi, ikazidi kwa muda, ikarudi sawa. Nilifungua kipimio nikakisafisha. Nilibadili baruti. Nilipakaza unga wa risasi ya penseli kwenye ngoma, nikatoka na mikono ya mchoma makaa. Haikusaidia. Kisha siku moja, nikiwa nimeinama sikio likiwa karibu na meza, nikaisikia friza.

Friza yetu iko gerejini, kando ya meza yangu, imejaa nyama ya kulungu na samaki wa ziwani. Mota yake ikiwaka, meza inatetemeka kidogo sana. Baruti kikoponi inajishindilia, na shimo lilelile linabeba zaidi. Mota ikizima, inarudi kama zamani. Niligundua hilo peke yangu, bila kusoma popote, na nataka ijulikane kwamba hapo nilikuwa na akili. Halafu nikaichomoa friza kwenye umeme, nikakaa chini kutengeneza risasi za Annika, na hapo akili ikaishia.

Zilikuwa nzuri jamani. Nilipima baruti ya kila moja. Nilipima hata vichwa, kimoja kimoja, vilivyozidi uzito nikavitupa kwenye kopo, vilivyopungua nikavitupa, nikabakiza vinavyofanana tu. Nilizipanga kwenye boksi safu kwa safu, na jioni nilikuwa naenda kuzitazama. Siku moja kabla ya mashindano ilibaki safu ya mwisho tu.

Asubuhi hiyo Lorna alibisha, akaingia kuchukua samaki wa kumpikia Annika. Alifungua friza. Harufu ilisema kabla yake.

"Wendell."

"Naam."

"Hii imezimwa tangu lini?"

"Ilikuwa inatikisa baruti," nikasema.

"Inatikisa baruti."

"Kidogo sana. Lakini ukipima unaona."

Alinitazama vile anavyotazama viti vya mnada, akikisia kama vinafaa kukarabatiwa. "Toa kila kitu humu," akasema. "Peleka jalalani. Ukirudi pitia mjini Bemidji uniletee samaki wengine, na usinunue wale wa kukaanga waliokwisha kupakwa unga."

Nilikwenda. Kulungu mzima niliyemvizia siku nzima kwenye baridi alilala nyuma ya gari kama mgonjwa. Jalalani kulikuwa na foleni, Bemidji samaki walikuwa wachache, na niliporudi gari la Annika lilikuwa limeshaegeshwa na Lorna alikuwa ameweka mezani bakuli la viazi na nyama ya kusaga lililookwa, maana hakunisubiri.

"Boksi nimeshapewa na Mama," Annika akasema. "Limejaa kabisa. Asante, Baba."

"Limejaa?"

"Pomoni."

Nilijua nimebakiza safu. Lakini nilikuwa nimeshinda nikinuka samaki, mwanangu kanishukuru, na mimi kupima ndiyo fani yangu, kuhesabu sijawahi kujisifia. Nikajiambia nilimaliza jana yake nikasahau. Lorna aliniongezea viazi bila kuombwa, jambo ambalo, kwa mtu aliyemwozeshea friza nzima, lilipaswa kunishtua.

Siku ya mashindano tuliamka na sakitu. Nyasi za uwanjani zilikuwa nyeupe, watu walishika vikombe vya kahawa kwa mikono miwili. Merle alikuja na risasi zake kwenye kopo la biskuti. Merle hapimi. Anavuta mkono huku anasikiliza mpira redioni, na risasi zake kila moja ina tabia yake.

"Kizibo," akaniita, "nimesikia mwaka huu kuna mtu mzima atapiga vitu vyako. Nimeleta fimbo ya shaba."

"Kaa nayo karibu na kahawa yako," nikamwambia.

"Mjomba," Annika akasema, "kile kipimio umekiosha? Sitaki kukipokea na machicha."

Kisha akapiga. Sijui niseme vipi. Bastola ilikuwa imetulia mikononi mwake kama zamani alipokuwa akipiga za babu yake. Shabaha za chuma zikawa zinaanguka kwa zamu, na watu waliokuwa wakipiga soga wakaacha. Lorna alinishika kiwiko. Nikajifanya nasafisha miwani. Alipomaliza duru ya mwisho hakuna aliyehitaji kuuliza nani anaongoza. Kilichobaki kilikuwa mashine ya mwendo.

Mashine husimamiwa na Darlene Pelkey, aliyeendesha basi la shule mpaka alipostaafu na bado anatutazama kama watoto wanaokaribia kutapika. Merle alitangulia. Hupigwa risasi tatu. Wastani ukikosa kiwango zinapigwa tatu nyingine, na katika zote huchukuliwa tatu zilizokimbia kuliko wenzake. Tatu za kwanza za Merle moja ilikimbia, moja ilijikongoja, moja ilikuwa kati. Akakosa. Katika zile nyingine ilitoka moja kwa kishindo mpaka Darlene akaitazama bastola. Akapita.

"Hiyo ndiyo baruti, shemeji," Merle akaniambia. "Unaiacha ijiamulie."

Zikaja za Annika. Darlene alichukua risasi nane kutoka kwenye boksi lake, akang'oa kichwa cha moja akakipima, kikawa barabara. Akapiga ya kwanza. Akasoma namba. Chini ya kiwango, kwa kidogo kabisa. Ya pili, namba ileile. Ya tatu, ileile.

Nilielewa papo hapo, na ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kuelewa upesi akiwa amechelewa. Dashibodi. Mwezi wa saba nilizipika risasi zangu juani njia nzima, na baruti ikipata joto hukimbia. Leo ilikuwa sakitu, imepoa, haikimbii. Majira yote ya joto nilikuwa nimehakikisha kwamba zote zinafanana, na zilifanana kweli. Zote zilikuwa zinakosa kwa kiasi kimoja.

Darlene akapiga tatu nyingine. Akaondoa miwani, akaivaa tena.

"Nimesimamia mashine hii tangu inunuliwe," akasema. "Sijaona risasi zinazofanana hivi. Ni kama nimepiga moja mara sita."

"Asante," nikasema, kwa mazoea.

"Wendell, zimekosa."

"Naona."

Kati ya zile nane ilibaki moja. Sheria inampa mpigaji kuchagua: ipigwe iingie kwenye wastani, au kichwa chake kipimwe, huenda kikawa kizito kuliko kile cha kwanza na hesabu ikapanda. Annika alinigeukia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu alikuwa ananiuliza mimi, fundi wake.

"Tupime au tupige, Baba?"

Vichwa vizito vyote nilivitupa kwenye kopo kwa mkono wangu mwenyewe. "Kupima hakutasaidia," nikasema. "Piga."

"Itakuwa tofauti?"

Ningependa kusema nilimdanganya ili kumtia moyo. Nilimwambia ukweli. "Haiwezi kuwa tofauti, mwanangu. Nilihakikisha."

Merle, nampa haki yake, hakucheka. Alitazama buti zake. Mimi niliomba. Mkristo wa Kilutheri haombi sana hadharani, lakini niliomba kimoyomoyo, nikamwomba Mungu anijalie kwamba mahali fulani, siku moja gerejini, nilizembea.

Darlene akapiga. Mlio wake ulikuwa mzito kidogo. Hata Merle aliinua kichwa. Darlene akasoma namba, akachukua kikokotoo, akabonyeza, akabonyeza tena kwa kidole kingine kana kwamba cha kwanza kina upendeleo.

"Imepita," akasema. "Kwa unene wa karatasi, lakini imepita."

Annika alinirukia shingoni. Watu walipiga makofi. Na mimi, Mungu anisamehe, kilichokuwa kichwani mwangu wakati nimemkumbatia mwanangu kilikuwa: kuna risasi mbovu kwenye boksi langu.

Niliwaza hivyo hadi kwenye foleni ya chakula ndani ya ukumbi wa klabu. Lorna alikuwa mbele yangu na sahani.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Kila moja niliipima."

"Ulizopima wewe, ndiyo," akasema, akichagua mkate.

"Unamaanisha nini?"

"Safu ya mwisho ni yangu. Annika alipiga simu yuko karibu, wewe uko jalalani, boksi halijajaa. Nimekulia kwenye meza ya Baba, Wendell. Nilivuta mkono, nikamulika tochi ndani ya kila ganda kama alivyonifundisha, nikashindilia."

"Hukupima?"

"Nilipima ya kwanza. Ilikuwa sawa na zako."

"Na friza?"

"Hilo ndilo nililofanya kwanza nilipobaki peke yangu. Niliichomeka. Unafikiri nyumba inakaa bila friza?"

Nikaona yote: mota inanguruma, meza inatetemeka, baruti inajishindilia polepole, kila ganda linapata chembe chache zaidi kuliko yangu. "Kwa nini hukuniambia jana?"

"Ungezivunja zote uzipime," akasema, na ni kweli ningezivunja.

Wakati wa kutoa zawadi Merle alisimama na kipimio cha Orville mikononi. Kilikuwa kimeoshwa kweli. Akamkabidhi Annika, akamkumbatia, akasema maneno mazuri juu ya marehemu Orville ambayo yalimfanya Lorna atazame dari. Kisha akanigeukia.

"Na jambo lingine. Miaka yote hii nimemwita huyu bwana jina fulani. Leo Darlene kasema hajawahi kuona risasi kama zake, na mwana wa dada yangu kashinda nazo. Jina lile nalifuta. Huyu ni Wendell Aasen, na anayebisha aje kwangu."

Ukumbi mzima ulipiga meza. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo tangu Annika akiwa na nywele za mikia miwili. Annika alikuwa ananitazama akitabasamu, amekikumbatia kipimio. Lorna alikuwa anatazama sahani yake, na nilijua hatasema kitu leo wala kesho, angeniachia nibaki nalo mpaka kaburini. Nikasimama. Nilikuwa na hotuba fupi tayari. Nilikuwa nayo tayari kwa miaka.

"Ile ya mwisho," nikasema, "ile iliyopita, aliitengeneza Lorna. Zangu mimi zote zilikosa."

Merle alimtazama dada yake, akanitazama mimi, na uso wake ukaanza kukunjuka taratibu kwa furaha isiyo na kifani.

"Basi kaa chini, Kizibo," akasema. "Chakula kinapoa."

Walicheka mpaka mtu mmoja akamwaga kahawa, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Lorna, ambaye sijamsikia akicheka hivyo tangu baba yake afariki. Nikakaa chini nikala. Njia nzima kurudi nyumbani kipimio kilikuwa mapajani mwake, bado kinanukia kahawa, na tulipofika alinituma gerejini kuhakikisha friza inawaka.